Ngisi wa Mlimani: Mafunzo Tisa Niliyopata kwa Mama Asiyewahi Kuiona Bahari

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka soko la samaki. Baba yangu alikuwa akivua usiku kwa karabai, na aliporudi alfajiri mimi ndiye niliyekabidhiwa ngisi niwasafishe: nivute kichwa, nitoe kile kijiti chembamba kinachong'aa kama plastiki, nichune ngozi ya zambarau, na nichunge kifuko cha wino kisipasuke. Nilipotimiza miaka kumi niliamini hakuna jambo la ngisi nisilolijua.

Mwaka 2016 nilikwenda Doha kufanya kazi ya upishi katika jiko la wafanyakazi wa hoteli moja. Qatar imejaa Wanepali, na Wakenya nao si haba, kwa hiyo zamu zetu zilipishana na hatimaye maisha yetu yakachanganyika. Mpishi mmoja Mnepali alikuwa amenitangulia pale kwa miaka mingi. Nilimwita Dai, yaani kaka mkubwa, naye akaniita bahini, mdogo wake wa kike. Mkewe alikuwa dobi katika hoteli ile ile. Huyo nikamwita Bhauju, kwa Kiswahili wifi yangu.

Usiku mmoja baada ya zamu, Dai alitoa mkobani kitu bapa, kigumu, cha rangi ya kahawia iliyoiva. Akakishika kwa koleo juu ya moto wa gesi. Harufu ilipopanda nilisimama pale pale nilipokuwa. Alikuwa ngisi. Nikamwuliza, "Dai, kwani Nepal mna bahari?" Akajibu, "Hatuna bahari, bahini. Tuna baba zetu."

Sikulielewa jibu lile mpaka Oktoba 2019, waliponichukua kwao Dharan, mashariki mwa Nepal, wakati wa sikukuu ya Dashain. Nilikaa wiki tatu jikoni kwa mama yake Dai. Yeye hajaiona bahari hata siku moja, na ndiye aliyenifundisha ngisi. Haya ndiyo niliyoyapata kwake.

1. Ukitaka kujua chakula kimefikaje, uliza nani alikibeba

Nepal imezungukwa na India pande tatu, na kaskazini iko China nyuma ya ukuta wa Himalaya. Mizigo yake mingi ya baharini hushushwa bandari ya Kolkata, India, kisha hupanda treni au malori mpaka mpakani Birgunj. Lakini nilipomwuliza Aama, yaani mama, ngisi alifikaje nyumbani kwake, hakunitajia bandari wala mpaka. Alinionyesha sanduku la chuma lililokuwa chini ya kitanda.

Mume wake alikuwa lahure. Hilo ndilo neno la Wanepali kwa mtu anayekwenda kuwa askari wa nchi nyingine, na linatokana na jina la mji wa Lahore, ambako vijana wa milimani walikuwa wakienda kujiandikisha jeshini mwanzoni mwa karne ya 19. Waingereza nao walianza kuwaandikisha Wagurkha, yaani askari wa Kinepali, mwaka 1815, na mpaka leo bado wanawaandikisha. Waliwapeleka Malaya, Singapore, Brunei na Hong Kong. Dharan penyewe palikuwa na kambi ya Waingereza ya kuandikishia askari. Leo eneo lile lina hospitali kubwa na chuo cha tiba.

Mume wa Aama alitumikia Hong Kong, kabla ya mji ule kurudishwa China mwaka 1997. Kila alipopata likizo alipitia maduka ya vyakula vikavu vya baharini ya Sheung Wan, akanunua kifurushi cha ngisi, akakilaza chini ya mablanketi. Nilipofikiri, nikaona alichagua kwa akili ya msafiri. Ngisi mkavu ni mwepesi, haozi njiani, havunjiki, na mmoja tu ukimchana nyuzi nyuzi anawatosha majirani wote waliokuja kumwamkia mgeni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa Waingereza. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki, na Wagurkha nao walikuwa katika vita hivyo hivyo. Nilipomweleza Aama, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kile ambacho mwenyewe sikuwahi kumwuliza babu: "Alirudi na nini nyumbani?"

2. Chakula kikavu si chakula cha dhiki

Kwetu samaki mbichi ndiye wa mgeni. Ng'onda ni wa siku bahari imechafuka na madau yamelala ufukweni. Nilikuwa nimeichukua heshima hiyo ya mbichi na dharau hiyo ya mkavu bila kuitafakari.

Ghala ya Aama ilinisahihisha. Kulikuwa na debe la gundruk, majani ya haradali na figili yaliyonyaushwa, yakashindiliwa chomboni yakachachuka, kisha yakaanikwa. Kulikuwa na sinki, mizizi ya figili iliyochachuliwa kwa namna hiyo. Kulikuwa na masyaura, vidonge vya dengu zilizosagwa na mboga vilivyokaushwa juani. Sidra, samaki wadogo wakavu wanaofanana na dagaa wetu, walikuwa katika mfuko wao. Juu ya meko zilining'inia nyama za sukuti, vipande virefu vilivyokaushwa kwa moshi na joto.

Aliniambia sababu bila kupamba maneno. Mvua za kuanzia Juni mpaka Septemba hubomoa njia za milimani. Baada yake huja baridi, na mboga mbichi huwa chache. Mwanamke asiyejua kukausha angelisha watu wake nini?

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ngisi alipokewa. Alipotoka sandukuni alikuta kiti chake kimeshawekwa. Watu walikuwa na meno yaliyozoea sukuti, walikuwa na viungo vya kuamsha kitu kikavu, na walikuwa na subira ya kukitafuna. Hawakuhitaji mapishi mapya. Walimtendea ngisi kama walivyoitendea nyama yao.

3. Mchague kwa mwanga, kwa pua na kwa kidole

Dukani, Aama alimwinua ngisi akamwelekeza kwenye jua. Mzuri hupenyeza mwanga kidogo na rangi yake huwa kama asali. Aliyekolea weusi usio sawa, au mwenye mabaka, alimrudisha. Kisha alimnusa. Harufu ya bahari ilikubaliwa. Harufu inayochoma pua kama mkojo ilikataliwa. Mwisho alimkunja kidogo ukingoni. Anayepinda kwa ukaidi ndiye mzuri. Anayevunjika kama kigae amekaushwa kupita kiasi au amekaa sana, na anayelegea kama ngozi yenye unyevu ataota ukungu kabla hajafika nyumbani.

Mimi nilimkataa ngisi mmoja mzuri sana kwa sababu alikuwa na unga mweupe mgongoni. Nilidhani ni ukungu. Aama aliufuta kwa kidole akakilamba kidole. Unga ule mkavu, unaofutika kama poda, ni sehemu ya ngisi mwenyewe: anapokauka, baadhi ya vitu vilivyoyeyuka katika maji ya mwili wake, taurini ikiwa mojawapo, hupanda juu na kuganda kama chumvi. Ukungu ni kitu kingine. Una manyoya, una rangi ya kijani au nyeusi, na harufu yake ni ya chumba kilichofungwa. Ukiuona, usijaribu kuukwangua. Mtupe ngisi huyo.

4. Moto kwanza, na mchane kwa kufuata nyuzi zake

Hili ndilo nililolikosea zaidi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mazoea ya miaka. Ngisi mbichi tunamkata pete. Nilishika kisu nimkate mkavu vivyo hivyo, Aama akakishika kisu kwa upole na kukiweka kando.

Alimchoma mzima juu ya makaa, dakika moja upande huu, dakika moja upande ule, akimgeuza kwa koleo. Kingo zikaanza kujikunja, vipele vidogo vikatokea juu ya ngozi, na harufu ikajaa ua mzima. Hapo akamtoa, akamlaza juu ya jiwe, akampiga kwa mchi kuanzia mkiani mpaka kichwani. Si mapigo ya kuponda, ni ya kulegeza. Halafu, angali moto, akaanza kumchana kwa vidole kutoka upande mmoja wa mwili kwenda mwingine.

Alichanika kama kitambaa. Nilijaribu kumchana kwa urefu, kutoka kichwani kwenda mkiani, na vidole vikaniuma. Sababu ni maumbile yake: misuli ya ngisi huuzunguka mwili kama pete zinazoshika pipa, maana anaogelea kwa kujibana na kusukuma maji nje. Ukimchana kwa upana unafuata njia ya nyuzi. Ukimchana kwa urefu unashindana nazo zote kwa pamoja. Nilikuwa nimesafisha maelfu ya ngisi nisiulize nyuzi zao zinaelekea wapi, kwa sababu kisu changu kilikuwa kikali na hakikunilazimisha kuuliza.

5. Maji yana kiasi chake, na mlima una saa yake

Sisi watu wa pwani tunajua kuwa ngisi mbichi hupikwa haraka mno au polepole mno. Dakika moja au mbili kwenye kikaango chenye moto mkali, au robo tatu ya saa na zaidi kwenye mchuzi. Baina ya hapo anakuwa mpira.

Ngisi mkavu ana kanuni zake. Siku ya tatu nilitaka kumsaidia Aama, nikaloweka ngisi wawili usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji na kuwakamua vizuri. Walikuwa laini, na hawakuwa na ladha yoyote. Ladha yote nilikuwa nimeimwaga mtaroni. Aama aliwapika hivyo hivyo, tukala, na hakuna aliyesema neno. Jioni alinionyesha vipimo viwili. Ngisi wa kuchanganywa na viungo achomwe, achanwe, kisha aloweshwe katika maji ya vuguvugu kwa robo saa tu. Ngisi wa mchuzi aloweshwe saa tatu au nne, na maji yale yachujwe kwa kitambaa yarudi chunguni, kwa kuwa humo ndimo ilimo bahari.

Kathmandu, kabla ya kurudi Doha, nilipata somo la pili la maji. Mji ule uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100. Nilipika mchuzi wa ngisi kwa dada yake Bhauju kwa kufuata saa ya Mombasa, na ngisi hakuiva. Mlimani, maji yanayotokota kwa kishindo bado hayana joto la maji ya kwetu. Ndiyo maana karibu kila jiko la Kathmandu lina sufuria ya presha, na asubuhi mtaa mzima unasikia filimbi zake. Watu hawasemi pika dakika ngapi. Husema pika filimbi ngapi. Ngisi mkavu aliyeloweshwa alihitaji filimbi nne.

6. Usiogope uwatu kuwa mweusi

Chakula wanachokipenda zaidi kwa ngisi huyu huitwa sadheko. Ni namna ya kuchanganya kitu kilichoiva na viungo vibichi, kisha kukimiminia mafuta ya moto. Nitakiandika kama nilivyokipima kwa macho yangu, maana Aama hana kijiko cha kupimia.

Chukua ngisi wakavu wawili, uzito wa gramu 100 hivi. Wachome, wachane, waloweshe robo saa, wakamue. Weka bakulini pamoja na kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vyembamba, nyanya moja, punje tatu za kitunguu saumu na kidole cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, pilipili mbichi unazoziweza, na konzi ya majani ya giligilani. Kamulia ndimu moja. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa sababu ngisi huja na chumvi yake.

Sasa mafuta. Vijiko vitatu vya mafuta ya haradali vipashwe mpaka vitoe moshi mwembamba. Hapo ule ukali unaopanda puani hutulia. Punguza moto, tia nusu kijiko cha chai cha uwatu. Uwatu utageuka dhahabu, kisha kahawia. Hapo mkono wangu ulikimbilia kuzima jiko. Kwetu uwatu hulowekwa, hutiwa katika achari, hupewa mwanamke aliyejifungua. Ukiungua tunaumwaga na kuanza upya. Aama aliushika mkono wangu. Akasubiri mpaka punje zikawa karibu nyeusi, ndipo akazima moto, akatia robo kijiko cha manjano, na papo hapo akayamimina mafuta yote juu ya bakuli. Yalilia kwa sauti. Akachanganya kwa mkono wa kulia, kwa kubana na kuachia, kama anayekanda.

Uchungu ule mdogo wa uwatu ndio unaomshika ngisi. Ngisi mkavu ana utamu mwingi, na utamu usiokuwa na cha kuuzuia huchosha ulimi mapema. Nilipokuwa nikiuzima moto mapema, chakula changu kilikuwa kizuri kwa matonge mawili tu. Nilipojifunza kungoja, bakuli lilikwisha.

Mwisho hunyunyiziwa timur, viganda vya tunda dogo la milimani vilivyotwangwa baada ya kutupa mbegu zake ngumu nyeusi. Haiwashi kama pilipili manga. Inatia ganzi midomo na ulimi, na ganzi ile inapoanza kuondoka, ladha ya ngisi inarudi upya kama wimbi la pili. Tia kidogo sana.

7. Kitu kikali kipewe mwenzake

Sadheko ya ngisi haiendi na wali. Huliwa na chiura, mpunga uliolowekwa, ukakaangwa na kutwangwa ukawa vipande vyembamba vikavu. Nilipoiona sinia ya kwanza nilisema kwa sauti, "Pepeta!" Bibi yangu alikuwa akitwanga pepeta mpunga mchanga ulipovunwa, tukala na nazi. Nilikuwa sijalisikia jina hilo likitajwa kwa miaka mingi.

Jikoni mle nilikuta jamaa wengine pia. Achari yetu wao huiita achar. Dengu zetu wao huziita dal. Neno achari lilipita baharini na nchi kavu kwa karne nyingi, likafika kwetu kwa majahazi na kwao kwa miguu. Chiura haina ladha yake kubwa, na hapo ndipo ubora wake ulipo: hunywa mafuta ya haradali, hutuliza pilipili, na ukavu wake humpa ngisi kitu cha kusagana nacho mdomoni. Ukimtengea mtu kikali, mtengee na cha kukituliza.

8. Mwenye nyumba anayeuliza amekwisha kukukaribisha

Mimi ni Mwislamu, na Dashain ni sikukuu ya Kihindu yenye nyama nyingi ya mbuzi. Njiani nilikuwa na wasiwasi. Sukuti nisingeweza kuila, kwa kuwa sikujua mnyama alichinjwaje. Nilijitayarisha kuishi wiki tatu kwa wali na dal.

Siku ya kwanza Aama aliniuliza kupitia kwa Bhauju, "Dini yenu inasemaje kuhusu ngisi?" Nikamwambia kwamba kwetu viumbe vya baharini ni halali, havihitaji kuchinjwa. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi. Akaingia dukani akanunua kikaango kipya na bakuli jipya, akavitenga kwenye rafu ya peke yake. Katika siku zile ambazo watoto wake wote walirudi kutoka nchi mbalimbali kupakwa tika, alama ya baraka, na wazee, alikumbuka kila siku kunipikia ngisi katika kikaango changu.

Nami nilijifunza kumlindia mipaka yake. Kwao kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu huitwa jutho, na hapewi mwingine. Maji huyamimina kooni bila chombo kugusa midomo. Kijiko kilichoonjwa hakirudi chunguni. Chakula huliwa kwa mkono wa kulia, kama kwetu. Mimi nilikuwa na tabia ya kuonja mchuzi kwa mwiko na kuendelea kukoroga. Niliiacha kule kule, na sijairudia hata katika jiko langu mwenyewe. Kumheshimu mtu mezani si lazima mfanane dini. Kila mmoja aulize la mwenzake, kisha alishike.

9. Chakula ni cha aliyekingoja

Siku moja mgeni mmoja wa nyumba ile alisema mbele yangu kwamba nisiandike habari za ngisi, kwa sababu si chakula halisi cha Nepal. Ni kitafunio tu cha vijana na vilabu vya pombe, akasema, kitu cha kuletwa. Niandike habari za dal bhat, yaani dal na wali.

Nilifikiri sana juu ya neno lile. Pilipili zilizokuwa kwenye bakuli asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioziingiza Asia. Nyanya na viazi navyo vimetoka huko huko. Sisi nasi mahindi ya ugali na muhogo wa futari vilikuja kwa njia hizo. Nani leo atamwambia mtu wa Tanga kuwa muhogo wa nazi si chakula chake?

Aama hakubishana na mgeni. Usiku ule, tulipokuwa tukiosha vyombo, alisema maneno ambayo Bhauju alinitafsiria polepole. Katika ndoa yao, mume wake alikuwa akija nyumbani kwa miezi michache tu kila baada ya miaka. Watoto walizaliwa hayupo. Barua zilichelewa. Aliposikia harufu ya ngisi akichomwa nyumba ya jirani, alijua kuwa lahure wa jirani amerudi, na usiku ule hakulala vizuri mpaka asubuhi. Alipomchoma ngisi katika meko yake mwenyewe, ilikuwa na maana mume wake amekaa pale kizingitini, amevua viatu.

Sasa mume amekwisha kufariki, na mwanawe yuko Doha. Ngisi anapatikana dukani, hahitaji kungojwa. Lakini Aama bado humnunua mmoja zaidi kila Dashain inapokaribia, akamtia katika sanduku lile la chuma, na hamtoi mpaka Dai avuke mlango.

Ndipo nilipolielewa jibu la Dai. Watu wa nyumba ile waliilipia bahari kwa miaka ya baba yao. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia kuwa ladha yake si yao.

Na nililifikiria sanduku langu mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewapelekea watu wa nyumbani simu, manukato na nguo. Hakuna hata kimoja ambacho mama yangu angekinusa akajua kuwa nimerudi.

Nilirudi Mombasa kabisa mwisho wa mwaka 2022. Januari, upepo wa kaskazi ulipokolea na jua likawa kali, nilinunua ngisi kumi sokoni. Niliwapasua tumboni, nikawasafisha, nikawaosha, nikawatandaza kwenye kamba juu ya paa letu chini ya chandarua cha kuzuia inzi. Mama alipanda ngazi mara tatu kuja kutazama. Siku ya nne nilimchoma mmoja juu ya makaa, nikampiga kwa mchi wa kinu chetu, nikamchana kwa upana. Mama alitafuna muda mrefu. Kisha akaniambia nimwekee mmoja kaka yangu, aliye baharini kwenye meli, mpaka atakaporudi.

Watatu nilimpelekea Bhauju Doha kwa mkono wa rafiki, naye alipokwenda likizo akawafikisha Dharan. Wiki chache baadaye nilipata ujumbe wa sauti. Kwanza yalisikika makaa yakialika, halafu sauti ya Aama, na nyuma yake Bhauju akitafsiri.

"Chhori," alisema, yaani binti yangu, "harufu ni yenyewe. Lakini ulimwondoa juani mapema. Katikati bado alikuwa na maji. Mwongeze siku moja."

Kaskazi ikirudi, nitamwongeza siku moja.